Barua kwa Mwanangu: Anzia Ukurasa wa 8, Jalada Lisubiri

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Bombo. Sisi huku wazima, baba yako na wadogo zako wanakusalimu sana. Ama baada ya salamu, barua yako imefika. Unasema mhadhiri amewapa wiki 6 kubuni na kuandika jarida la muziki la kurasa 16, umechagua kuliandika kwa Kiswahili, na umeshatengeneza majalada matatu ambayo yote yanafanana na bango la shoo. Ukaniuliza unakosea wapi na uanzie wapi.

Unakosea kwa kuanza na jalada. Jalada hutangaza kilichomo ndani, na ndani ya jarida lako bado hamna kitu, kwa hiyo unajaza nafasi kwa nyuso, rangi na maandishi makubwa. Hayo ni mambo ya bango. Bango linataka kumpeleka mtu ukumbini, ndiyo maana lina wasanii saba, tarehe, mahali na kiingilio. Jalada lina uso mmoja unaomtazama msomaji, na mistari mitatu au minne ya kumfanya afungue. Hiyo mistari utaitoa wapi kama hujaandika? Weka majalada hayo kando mpaka wiki ya 5. Anza na kurasa za 8 na 9.

Kwa nini hizo? Chukua karatasi 4 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, uandike namba 1 hadi 16, kisha uzifungue. Utaona ukurasa wa 1 uko karatasi moja na wa 16, wa 2 na wa 15, na kuendelea hivyo mpaka katikati, ambako 8 na 9 ziko upande mmoja wa karatasi moja. Kwingine kote, picha inayovuka kutoka kushoto kwenda kulia huchapwa nusu kwenye karatasi hii na nusu kwenye ile, na zikihama milimita moja wakati wa kukunja, gitaa linavunjika shingo. Katikati halivunjiki. Mahojiano makubwa yakae hapo. Kitabu hicho kidogo kitunze, ndani yake andika kwa penseli kila ukurasa una nini. Usikubali kuongeza "ukurasa mmoja tu", kwa sababu jarida la kupigwa pini huongezeka kwa kurasa 4, na kutoka 16 unaruka hadi 20.

Sasa, mahojiano na nani? Ukisema jarida lako ni la "muziki wa Uganda" hujachagua. Kadongo kamu, mtu na gitaa lake akisimulia kisa kirefu, ina msikilizaji wake. Lugaflow, yaani rap ya Kiganda, ina wake, na dansi ya bendi kama Afrigo, iliyoanza 1975, ina wake. Embaire ya Busoga, ile marimba kubwa inayopigwa na watu kadhaa juu ya shimo, na adungu ya Waalur kule West Nile, nazo zinaweza kulijaza jarida zima. Chagua mmoja, kisha andika sentensi moja inayosema jarida ni la nani na linampa nini asichokipata kwenye simu. Mimi ningependa uchukue wapiga ala, kwa sababu waimbaji wanaandikwa kila siku na mpiga besi haulizwi na mtu. Lakini uamuzi ni wako.

Kabla ya kumwona msanii, sikiliza kazi zake zote unazoweza kuzipata, uandike maswali 12, kisha ufute yote yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana, na yale ambayo ungeweza kuyatafuta mwenyewe, kama "ulizaliwa wapi". Chagua wimbo mmoja umuulize ulivyotengenezwa. Kilitangulia nini, mdundo au maneno? Nani alilipia studio? Ni sehemu gani ilirudiwa, na kwa nini? Msanii aliyezoea redio ana majibu ya redio, lakini ukimuuliza kuhusu dakika ya pili ya wimbo wake, pale ngoma inaponyamaza, ataacha majibu ya redio aanze kufikiri. Rekodi kwa simu iliyozimwa mtandao, kwa maana simu nyingi hukata rekodi mtu akipiga, na bado andika kwa mkono. Usikae naye karibu na spika.

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi kuiandika, na inaweza kutoa maneno 8,000, nawe unahitaji 700 hivi. Nitakuonyesha hesabu, maana hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi huharibika. Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297. Acha pambizo la milimita 15 nje na 18 upande wa mkunjo, 18 juu na 22 chini. Gawa kilichobaki katika safu 3 zenye nafasi ya milimita 5 kati yake, na kila safu itakuwa na upana wa milimita 55 na kitu. Kwa herufi za pointi 9.5 (pointi ndicho kipimo cha herufi kwenye programu) zenye mistari ya pointi 12, unapata mistari 60 kwenda chini, na maneno kama 6 ya Kiswahili kwa mstari. Safu moja ni maneno 360, ukurasa mzima kama 1,080. Sasa picha kubwa imechukua ukurasa wa 8 wote, na kwenye ukurasa wa 9 kichwa, utangulizi na dondoo vimekula theluthi. Yamebaki maneno 700. Mwanafunzi aliyeandika 1,500 hushusha herufi hadi pointi 7, na hakuna atakayesoma. Wewe punguza maneno, herufi uziache zilivyo.

Kiswahili kina ugumu wake kwenye safu nyembamba. Neno kama "walivyomkaribisha" ni refu, na ukinyoosha mistari pande zote mbili yanatokea mashimo meupe katikati ya safu. Nyoosha kushoto tu. Halafu angalia lugha iliyowekwa kwenye programu, kwani ikiwa ni Kiingereza itakata maneno kwa kanuni za Kiingereza: "nyim-bo", "msan-ii". Zima ukataji wa maneno, na palipo lazima kata mwenyewe baada ya irabu: "nyi-mbo", "wa-na-ng'a-ra". Kamwe usitenganishe ny, sh, ch wala ng'.

Msanii wako huenda akachanganya Luganda, Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja. Ukimtafsiri, mweleze msomaji mwanzoni kwamba mahojiano yalikuwa ya lugha kadhaa na wewe ndiye uliyetafsiri. Jina la kisanii liandike anavyoliandika mwenyewe, na mwambie akuandikie kwenye daftari lako. Nukuu yenye jina lililokosewa haiaminiki tena.

Uwe mkali na tarehe na sifa. Tarehe iliyo chini ya video YouTube ni siku ya kupandishwa, wala si mwaka wa wimbo. Mwanamuziki Philly Lutaaya alifariki Desemba 1989 na mtandao huo ulianza 2005, hivyo kila tarehe utakayoiona chini ya wimbo wake imemkuta ameshaondoka. Tafuta mwaka kwenye jalada la kaseti au la santuri, au muulize aliyepiga. Na kuteuliwa si kushinda. Eddy Kenzo alishinda tuzo ya BET mwaka 2015, lakini kwenye Grammy za 2023 aliteuliwa tu, pamoja na Matt B. Ukiandika "mshindi wa Grammy", anayejua muziki atafunga jarida lako hapo hapo.

Picha piga siku nyingine, tofauti na siku ya mahojiano, ukiweza. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita huanguka kutoka utosini, macho yanakuwa mashimo, na mwenye kofia anapotea uso. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au kwenye kivuli cha ukuta mweupe. Piga nyingi za wima zenye nafasi tupu juu ya kichwa, maana hapo ndipo jina la jarida litakaa, na nyingine za mlalo ambazo mtu yuko upande mmoja, kwa ajili ya kurasa za katikati. Uso usikae kwenye mkunjo, acha sentimita moja kila upande. Picha ya ukurasa mzima, pamoja na ziada ya milimita 3 kila upande ya kukatia, inataka pikseli 2,551 kwa 3,579 ili ipate nukta 300 kwa inchi. Ya kurasa mbili inataka zaidi ya 5,000 kwa upana. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, kwa hiyo mwombe anayekutumia aitume kama dokumenti. Usichukue picha za watu Facebook. Zina mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mpiga picha kama inavyomlinda mtunzi wa wimbo. Mashairi ya wimbo ni vivyo hivyo: nukuu mstari au miwili kwa ajili ya uhakiki, umtaje mtunzi, lakini kuchapa wimbo mzima kunataka ruhusa.

Kurasa nyingine ni nyepesi. Ukurasa wa 3 weka yaliyomo, namba ziwe kubwa. Weka uhakiki wa albamu mbili, kila mmoja maneno 250, na usiandike "mdundo mzuri sana". Andika gitaa linaingia wapi, sauti gani imezama, ni wimbo gani ungeutoa. Weka pia ukurasa wa ala moja, namna inavyoundwa na kutunzwa. Matangazo mawili yanatosha.

Chagua fonti mbili, moja ya vichwa na moja ya habari, kisha usiongeze. Gridi, yaani ile mistari ya pambizo na safu 3, ikae kila ukurasa, hata pale unapoiunganisha safu mbili kuwa moja. Ukitaka kujifunza gridi, nunua jarida lolote lililochapwa vizuri ulipime kwa rula: pambizo, safu, urefu wa kichwa. Rula itakufundisha haraka kuliko video.

Jambo la rangi linawashangaza wengi. Skrini hutoa mwanga, lakini wino hunyonya mwanga, hivyo ile buluu kali na waridi ya taa za jukwaani haiwezi kutoka kwenye wino nne za mashine: saiani, majenta, njano na nyeusi. Inapoa na kuwa kama imefuliwa. Badilisha picha ziwe CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, mapema, uone kitakachobaki kabla hujajenga ukurasa mzima juu ya rangi hiyo. Maandishi ya habari yawe nyeusi ya wino mmoja, asilimia 100. Nyeusi iliyochanganywa wino nne ikihama kidogo kwenye mashine, kila herufi inapata kivuli chekundu au cha kijani. Kwa sababu hiyo hiyo usiandike habari ndefu kwa herufi nyeupe ndogo juu ya picha nyeusi, wino unazifunga.

Jalada sasa. Ukifika wiki ya 5 utakuwa na picha ya wima, na sentensi moja ya msanii ambayo kila aliyeisoma anairudia. Hiyo ndiyo ya mbele, kubwa. Mistari mingine miwili au mitatu itoke kurasa za ndani, na uhakikishe kila kinachotajwa kipo kweli. Ongeza namba ya toleo, mwezi na bei, kisha uache kugusa.

Kuchapa, nenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji pale Kampala, lakini usiende siku ya mwisho. Msimu wa kampeni mashine zote zinatoa mabango ya wagombea, na kazi ya mwanafunzi ya nakala 10 inangoja. Kwa idadi hiyo omba uchapaji wa dijitali. Ofseti inataka bamba kwa kila wino, na gharama ya bamba haipungui hata ukichapa nakala moja. Ndani tumia karatasi ya gramu 130, jalada gramu 250. Gramu 80 huonyesha picha ya upande wa pili katikati ya maneno yako. Peleka PDF yenye kurasa moja moja kwa mpangilio wa 1 hadi 16, fonti zikiwa ndani yake na ziada ya kukatia ikiwa imewekwa, na upangaji wa karatasi mwachie fundi. Ukimpa kurasa mbili mbili ulivyoziona kwenye skrini, itabidi azikate upya, na hapo ukurasa wa 5 hukaa mahali pa 12. Faili ifungueni pamoja kwenye kompyuta yake, ipitie yote, kisha lipia nakala moja tu kwanza. Ikunje, uisome kwa kalamu mkononi. Nakala nyingine zitoke baada ya hapo.

Usitume jalada tena kwa sasa. Nitumie kurasa za 8 na 9 kwa PDF zikiwa tayari, hata kama kichwa hakijakaa sawa, nami nitazitia alama na kukurudishia jioni hiyo hiyo.

Wasalaam,
Mama yako