Sifuri Iliyopotea: Kwa Wanaojifunza Kuandika Programu Peke Yao

Kijana aliyenijia mwaka juzi akiomba nimwongoze katika kazi ya kuandika programu alikuwa fundi simu Kariakoo, na kwa miezi minane alikuwa amejifunza peke yake kwa bando la usiku na kompyuta mpakato aliyoifufua kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameanza lugha ya programu iitwayo Python, kisha nyingine, JavaScript, kisha Java. Nilipomwuliza ni programu gani amewahi kuiandika mwanzo hadi mwisho bila kufuatisha video, alinyamaza. Ukimya huo naukuta kwa karibu kila anayejifunza mwenyewe, na hautokani na uvivu: anayefuatisha video huelewa kila hatua, lakini maamuzi yote yamekwisha kufanywa na mtu mwingine, hata yale ya makosa gani yakwepwe.

Sikumpa kozi ya nne. Nilimwuliza ni nani kwao anayeandika mambo yake kwenye daftari, akamtaja shangazi yake mwenye duka Mbagala, ambaye huwakopesha majirani unga na mafuta. Kazi ikawa hiyo: programu ndogo ya Python ya kuweka jina la mdaiwa, namba ya simu, kiasi na tarehe, ikihifadhi kumbukumbu katika SQLite, hifadhidata ndogo ambayo ni bure na haihitaji seva, yaani kompyuta nyingine ya kuihudumia. Lugha nyingine tuliziweka kando hadi shangazi aitumie programu hiyo mwezi mzima. Swali la lugha ipi ianze, ambalo huulizwa kuliko yote, mimi huliona limepewa uzito usiolistahili.

Juma la pili alinipigia simu akihangaika: namba zote za wateja zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo, na 0712 imegeuka 712. Sababu niliijua papo hapo, na nakiri kwamba kujizuia kuitaja kulikuwa kugumu kuliko kuieleza. Nilimwuliza tu kama amewahi kujumlisha namba mbili za simu. Alicheka, na baada ya saa moja hivi akaniandikia kwamba ameelewa: namba ya simu, ijapokuwa tunaiita namba, si kiasi cha kuhesabiwa, kwa hiyo inapaswa kuhifadhiwa kama maandishi, kwa kuwa kompyuta ikiichukua kama hesabu huiona sifuri ya mbele haina thamani na kuiacha. Kesho yake akaja na jambo ambalo hata mimi sikuwa nimemgusia, kwamba mteja aliyeandikwa leo kwa 0712 na kesho kwa +255712 atahesabiwa kuwa watu wawili. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba ataiweza kazi hii.

Kwenye fedha nilimwambia ajaribu mwenyewe kujumlisha 0.1 na 0.2 katika Python. Alipoona jibu 0.30000000000000004 alidhani kompyuta ni mbovu, kumbe desimali nyingi kompyuta huzihifadhi kwa kukadiria tu. Tangu siku hiyo huhifadhi shilingi kama namba kamili, bila desimali.

Tulikuwa na kanuni moja, nami nawapa ninyi pia: hangaika na kosa kwa nusu saa kabla ya kuuliza, kisha uliza kwa kueleza ulichotarajia, kilichotokea na ulichojaribu. Katika Python, ujumbe wa kosa husomwa kuanzia chini, kwa kuwa mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya kosa, na iliyo juu yake inaonyesha njia iliyopitiwa hadi kufika hapo. Wengi huunakili wote na kuupeleka kwa programu ya akili bandia bila kuusoma. Jibu hupatikana, tena mara nyingi ni sahihi, lakini kosa lilelile likirudi juma lijalo kwa sura nyingine, mwenye kuunakili hulitazama kama mgeni.

Kuhusu Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, nitasema machache: ijifunze katika mwezi wako wa kwanza wa kujifunza, kabla folda yako haijajaa mafaili yanayoitwa mpya, mpya2 na mwisho_kabisa.

Ajira haikuja upesi, na wanaowaahidi kwamba miezi mitatu inatosha mara nyingi wana kozi ya kuuza. Ofisi ya kwanza ilimrudisha kwa kukosa shahada, bila kufungua kazi yake. Ya pili ilimtaka aeleze tatizo moja alilolitatua mwenyewe, akaeleza habari ya sifuri kwa robo saa, wakamchukua kwa majaribio kwa malipo madogo. Shangazi hajaliacha daftari: umeme ukikatika na mashine ikazima, huandika humo, kisha madeni hayo huingizwa jioni, na mara nyingine deni moja hujikuta limeingia mara mbili. Kijana yuko kwenye tatizo hilo sasa, nami bado sijamwambia jibu.