Pikipiki ya baba: kabureta iguswe mwisho

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba kule Usangi, na milima ya Upare aliipanda na kuishuka kwa Honda CG 125 ya mwaka 1982. Imelala stoo tangu mwaka 2010. Sasa nimeitoa nje. Kiki inashuka kwa shida, tangi lina kutu ndani, na kijana mmoja wa gereji amenishauri ninunue kabureta mpya na kuipaka rangi yote upya. Spana ninazo, Jumamosi zangu ninazo, nataka niiwashe mwenyewe. Nianzie wapi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, usiipige kiki tena. Ringi zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na ukilazimisha utazivunja au utachuna silinda. Fungua plagi, changanya dizeli na oili nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu kwenye tundu lake, uache siku tatu. Kisha tia gia ya juu kabisa, plagi ikiwa bado nje, usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma polepole, kama unayebembeleza mtoto. Ikigoma, ongeza mchanganyiko na usubiri siku tatu nyingine. Ikishaachia, mwaga oili ya zamani, weka mpya, karibu lita 1. Iwe oili ya pikipiki, kwa sababu klachi ya mashine hii inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Umerithi injini ninayoiheshimu kuliko nyingine zote za ukubwa wake. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakilenga nchi kama zetu, penye vumbi, mizigo na oili inayochelewa kubadilishwa. Haina cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemu. Kemu yake, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini, ina nundu moja tu, na nundu hiyo moja inasukuma vijiti viwili vinavyopanda juu kufungua valvu zote mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Cheni ya nyuma nayo imefunikwa yote kwa bati. Kama bati hilo bado lipo, lilinde. Wengi waliling'oa wakalitupa, na ndiyo sababu cheni zao zililiwa na mchanga.

Tangi usilipeleke kwa mtu wa kuchomelea. Litoe, funga tundu la koki, mimina siki nyeupe hadi lijae, liache siku mbili. Ukiona kutu bado imeng'ang'ania, tumbukiza nati ndogo na ulitikise. Mimi hutia nati 20, nazihesabu zikiingia na nazihesabu zikitoka. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kausha juani siku hiyohiyo, halafu zungusha ndani petroli yenye oili kidogo. Ukiliacha na unyevu usiku mmoja tu, kutu inarudi.

Sasa nifike kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, maana hapa ndipo pikipiki nyingi za zamani zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Injini ikikataa kuwaka au ikimisi, mkono wa kwanza unakwenda kwenye skrubu za kabureta. Nilifanya hivyo nikiwa kijana, Iringa, kwa Honda ya mjomba. Wikendi tatu nilizungusha skrubu, nikachokonoa jeti, kile kipande chenye tundu jembamba la petroli, kwa sindano, na kumbe kilichokufa ni kondensa ya bei ndogo, kifaa cha umeme kinachozuia pointi zisitoe cheche zenyewe. Ile sindano ilikuwa imeshapanua tundu la jeti, na tangu hapo pikipiki ile ikawa inakunywa petroli kama trekta. Kwa hiyo nakuomba ufuate mpangilio huu: valvu, kisha moto (cheche ya plagi), kisha kabureta.

Valvu ziseti injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya yote. Fungua mfuniko wa kushoto uione sumaku, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Izungushe hadi alama ya T isimame sawa na alama ya kwenye injini, kisha tikisa tapeti zote mbili, vile vikono vinavyobonyeza valvu, kwa vidole. Zikiwa na mchezo kidogo zote, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha duru moja zaidi. Nafasi ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kusuguliwa kidogo, isiburuzwe kwa nguvu wala isielee. Ukishakaza nati, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza.

Moto wa Honda hii unatoka kwenye pointi, vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, zilizo nyuma ya sumaku hiyohiyo. Zisafishe kwa msasa laini, kisha pitisha kipande cha kadi chenye petroli katikati yake ili kuondoa unga. Zikifunguka hadi mwisho ziachane milimita 0.3 hadi 0.4. Halafu angalia alama ya F: pointi zianze kuachana pale pale F inapokutana na alama ya injini. Zikichelewa, injini inakosa nguvu na kupata joto. Zikiwahi, kiki itakurudishia kisigino. Ukiona pointi zinatoa cheche kubwa zenyewe na kuungua haraka, badili kondensa. Plagi iwe na nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Taa zikiwaka hafifu kama makaa usishangae: pikipiki ya mwaka huo ni ya volti 6, na huenda kuna mtu aliweka balbu za volti 12.

Baada ya hayo yote ndipo ufungue kabureta. Petroli iliyokaa inaacha gundi ya njano. Iloweke, isafishe, na kama jeti imeziba tumia uzi wa mshipi wa kuvulia au unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya. Usinunue mpya. Skrubu ya hewa ifunge taratibu hadi mwisho bila kukaza, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, endesha dakika kumi ipate joto, ndipo uizungushe robo robo ukisikiliza sailensa, yaani mwendo wa injini usipovuta mafuta, inapopanda juu kabisa. Iache hapo, na mwendo upunguze kwa skrubu ya siledi, kile kizibo cha kabureta kinachopanda ukivuta mafuta. Baada ya siku chache toa plagi uitazame: ikiwa na rangi ya udongo mkavu, umepata. Masizi meusi ni petroli nyingi, na weupe kama chokaa ni hewa nyingi, jambo la hatari kwa pistoni.

Spea zisikutishe. Injini nyingi za Kichina zinazobeba bodaboda leo zimeigwa kutoka hii, kwa hiyo gasketi, ringi na sahani za klachi za 125 nyingi zinaingia. Pima kabla ya kulipa: pistoni yako ina kipenyo cha milimita 56.5, ile ya 150 ina 62 na haitakufaa.

Na rangi, mwanangu, iache. Gereji moja niliyoiamini ilipaka tangi la mjomba upya na kutupa nembo zake za asili. Pale magoti yake yalipokuwa yamefuta rangi kwa miaka, leo pamekuwa bati jipya linalong'aa, na simwoni tena. Osha, pitisha nta, uache mikwaruzo ya Usangi ibaki.

SWALI: Fundi, Vespa yangu 150 Super inatoa moshi mzito wa bluu hata nikipunguza oili kwenye petroli. Majirani wamechoka. – Michenzani, Unguja

JIBU: Ndugu yangu, rudisha kipimo haraka kabla hujaunguza pistoni. Ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Oili hiyo ndiyo pekee inayolainisha shafti na pistoni. Kisha kagua oili ya gia, ambayo huwa mililita 250 tu. Kama imepungua na chini hakuna tone, sili ya shafti (raba ya kuzuia oili isipite) upande wa klachi imekwisha na injini inainyonya. Sili ni rahisi, kazi ya kuifikia ndiyo ndefu, lakini utamaliza moshi.

SWALI: Tairi za pikipiki yangu ya zamani hazijaisha hata kidogo. Nizitumie? – Nakuru

JIBU: Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, baada ya herufi DOT. 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi ya umri huo imekauka hata kama meno yamejaa, na kwenye lami yenye mvua haitakushika. Badili zote mbili, na tyubu zake.