Imbolc ndani ya fleti Dublin

Dada, umeuliza utaadhimishaje Imbolc, sikukuu ya kale ya Februari 1, ukiwa kwenye fleti Dublin usipoweza kuwasha moto. Ondoa shaka: mioto mikubwa ni ya Beltane, sikukuu nyingine ya kale, Mei 1. Imbolc ni ya nyumbani hasa. Jioni ya Januari 31 tundika kitambaa nje ya dirisha. Kwa mila za Ayalandi, Brigid, mungu wa kike wa kale na pia mtakatifu wa Kikristo, hupita usiku huo akakibariki, na watu hukitunza mwaka mzima kama dawa ya maumivu ya kichwa. Mimi hilo ndilo nalipenda kuliko yote. Suka pia msalaba wake kwa nyasi za majimaji, uutundike juu ya mlango. Mwombe jirani akufundishe, wengi huujifunza shuleni. Tangu 2023 kuna mapumziko ya kitaifa kwa heshima yake, basi nenda mji wa Kildare, ambako mwali wake wa moto uliwashwa upya 1993.