Mwalimu mpya wa awali, mjue mtoto kabla hujamrekebisha

Ukipangiwa darasa la awali, wiki za mwanzo utakutana na mtoto ambaye ukimwuliza jina anainamisha macho na kunyamaza. Usikimbilie kusema ni mzito. Katika nyumba zetu nyingi, mtoto wa miaka 5 hafundishwi kumkazia macho mtu mzima wala kujieleza mbele yake. Anafundishwa kuamkia, kusikiliza na kutumwa. Mtume alete vikombe vya uji, ndipo utamjua.

Saa ya uji itazame kwa makini kuliko kipindi chochote. Aliyezoea kula sinia moja na ndugu zake atamsogezea mdogo kikombe kabla hajanywa chake. Aliyezoea sahani yake peke yake atakikumbatia kikombe kwa mikono miwili na kumsukuma anayekaribia. Wote wamelelewa, kila mmoja kwa desturi ya kwao. Huyo wa pili usimkaripie kuwa ni mchoyo. Mpe zamu ya kugawa, na sheria iwe moja: mgawaji hunywa wa mwisho. Siku ya kwanza atalia. Mvumilie, na zamu yake ikifika tena mpe.

Hili si wazo langu tu. Miaka ya 1950, watafiti walioongozwa na Beatrice na John Whiting walilinganisha watoto wa jamii sita, mojawapo Nyansongo, huko Kisii nchini Kenya. Waliona kwamba watoto waliokabidhiwa kazi za kweli na kulea wadogo zao walikuwa wepesi zaidi kuwajali na kuwasaidia wengine. Kwa hiyo kufagia, kupanga viatu mlangoni na kukunja mkeka kuwe sehemu ya somo, kwa wavulana na wasichana sawa. Nakusihi, usikufanye kuwa adhabu.

Lakini pia usisingizie mila kila kitu. Ukimya wa heshima huisha watoto wakitoka nje kucheza. Anayebaki kimya hata huko, au anayeshtuka ukiinua mkono, mfuatilie siku hiyohiyo. Mwingine mwite akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka, zungumza na mzazi apelekwe kupimwa masikio. Na mzazi akija, kabla ya habari za kuhesabu na kusoma, mwulize: nyumbani anatumwa nini, anacheza na nani, na nani anashinda naye?