Mtoto kuchapwa chuoni kwa kushindwa kuhifadhi

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama, naishi Makorora, Tanga. Mwanangu ana miaka minane, anahifadhi Qur'ani chuoni, na tangu afike Suratul-Bayyina amekwama. Kila akikosea, mwalimu humchapa bakora za nyayo. Siku hizi amerudia kukojoa kitandani, na ikikaribia saa ya chuo hujificha uvunguni. Nataka kumtoa, lakini baba yake anasema Mtume (s.a.w.) ameamrisha watoto wapigwe, na kwamba palipoguswa na fimbo ya mwalimu hapataguswa na Moto. Je, napata dhambi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam. Hupati dhambi, dada yangu, na swali lako limeninyima usingizi, kwa sababu si la nyumba yako peke yake.

Hilo la fimbo na Moto nimelisikia tangu utotoni, wala sijalikuta katika kitabu chochote cha hadithi kinachotegemewa. Anayelinasibisha na dini akumbuke kuwa Mtume amesema, katika hadithi iliyo sahihi, kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni.

Ama hadithi anayoitaja baba wa mtoto, ipo, ameipokea Abu Daud: tuwaamrishe watoto kuswali wakiwa na miaka saba, na tuwapige kwa ajili ya swala wakiwa na miaka kumi. Lakini na aisome yote. Kati ya saba na kumi ipo miaka mitatu ya kuamrisha kwa ulimi, na kwa swala tano kila siku hiyo ni miito zaidi ya 5,000 kabla ya kugusa fimbo. Mwanao ana minane. Tena hadithi inazungumzia mtoto anayeacha swala, haimtaji anayejitahidi kuhifadhi na ulimi ukamgomea. Kusahau si kosa la kuadhibiwa. Na hata huyo wa miaka kumi, mafakihi wameshurutisha kwamba kipigo kisiumize, kisiache alama, kisiwe cha usoni, na kitarajiwe kufaa. Kipigo kinachomrudisha mtoto kwenye kukojoa kitandani kimefaa nini?

Wako watakaosema huu ni ulegevu wa siku hizi. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu, aliandika katika kitabu chake Muqaddima, mwaka 1377, kwamba ukali humdhuru mwanafunzi, hasa mdogo, humfundisha uongo na hila ili aukwepe mkono ulio juu yake, na akamnukuu fakihi Ibn Abi Zayd kuwa mwalimu asizidishe mapigo matatu pale anapolazimika kupiga. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, alisema hakuwahi kuambiwa hata "ah". Wazee wetu husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ila samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, habondwi.

Nami nina la kukiri. Nilipokuwa kijana nikifundisha, nilimchapa mtoto mmoja muda mrefu kwa kuchanganya ta na tha, mpaka siku moja alipoketi mkekani karibu na ubao akasoma bila kosa. Macho yake hayakuwa yakiona nukta kutoka nyuma. Kwa hiyo, kabla ya lolote, mpelekeni mtoto akapimwe macho na masikio, na mwelezeni daktari habari ya mkojo.

Kisha nendeni wote wawili kwa mwalimu baada ya Isha, pasipo wanafunzi, mmwambie kwa adabu kwamba hamumpi idhini ya kumpiga. Mwalimu hupata idhini hiyo kwa mzazi, na mzazi anaweza kuiondoa. Akikubali, mtoto arudi nyuma hadi sura anazozijua, asome aya moja moja. Akikataa, mhamisheni chuo. Kumtoa kwa mwalimu mmoja si kumtoa katika Qur'ani, ambayo Mwenyezi Mungu amesema mara nne katika Suratul-Qamar kwamba ameifanya nyepesi kukumbukwa. Na ikiwa nyayo zina majeraha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili huo. Dawati la jinsia na watoto la polisi lipo, wala kulifikia si kuasi dini.

Kuhusu mkojo, asicheke mtu nyumbani, wala ndugu zake wasiambiwe. Shuka lifuliwe kimya kimya, na usiku baba yake amwamshe, ampeleke chooni, kisha amlaze tena.