Barua kwa mwanangu: doh iko wapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza uanze fidla yako na nyimbo za kitoto za kitabu cha Suzuki, yule mwalimu wa fidla, au ujifunze Usiku Mtakatifu ili Desemba ukija Moshi umpigie bibi yako. (Nilidhani Suzuki wa pikipiki. Mama yako amenisahihisha.)

Mimi fidla siijui, najua tarumbeta. Lakini neno langu unalijua: wimbo usioweza kuuimba, usiupige. Kwenye fidla ndiyo kabisa. Shingo yake haina alama. Kidole kikikosea kwa unene wa punje ya mchele, sauti imeshapotea, na wa kukuambia ni sikio tu. Mama yako anasema huyo Suzuki, Mjapani, naye alitaka mtoto asikie wimbo hadi umkae, kama anavyoshika lugha ya nyumbani. Basi tuko wawili.

Sasa huo Usiku Mtakatifu. Unajua kwa nini shangazi yako huniita Beberu kila Krismasi, ila umesikia upande wake tu. Ilikuwa 1983, kanisani kule mlimani. Nilikuwa na miaka 17, mdogo kuliko wote kwenye bendi ya matarumbeta, na mwalimu akanipa ubeti wa pili nipige peke yangu. Mazoezini doh, nota ya kwanza ya ngazi ya do re mi, ilikuwa B flati. Siku yenyewe nikamwona mama yako kakaa na sauti ya kwanza, nikapandisha doh, wimbo wote ukawa juu zaidi. Bendi imenyamaza, nani angenizuia?

Mwanzo mtamu. Wimbo ule hudanganya: unaanza kama unabembeleza mtoto, halafu mwishoni unapanda hadi fa ya juu. Pale mdomo ukagoma. Kilichotoka hakikuwa fa, kilikuwa mbuzi. Watoto wa mbele wakacheka, kisha kwaya nzima, na mama yako humohumo, asikudanganye. Babu yako, aliyepiga besi, hakucheka. Alilitazama tarumbeta langu kama la mtu mwingine. Tukatembea hadi nyumbani hajasema kitu, na tulipofika akanikatia mimi nyama kwanza, kabla ya wakubwa wote. Kicheko nilishakisahau. Hiyo nyama ndiyo sijaisahau.

Utasema: lakini Baba, wimbo huo uliweza kuuimba. Kweli, niliuimba tangu sijajua kusoma. Hapo neno langu linachechemea. Lakini niliuimba kwa doh ya kanisa, si kwa doh ya kiburi! Kwa hiyo bado limesimama. Au nalishikilia tu kwa kuwa ni langu.

Wewe doh yako iwe D. Sisi wa matarumbeta tunapenda flati, nota zilizoshushwa nusu hatua. Fidla, kwa nyuzi zake za G, D, A na E, inapenda shapu, zilizopandishwa nusu hatua. Usichukue nota za kinanda zenye flati tatu ukajitesa bure. Doh ikiwa D ni uzi mtupu, usiobanwa kidole, na so ni uzi mtupu wa A. Jaribu ile ya Beethoven, ya Simfonia ya Tisa ya 1824: mi mi fa so, so fa mi re. Inakwenda kama mtu anayepanda na kushuka ngazi, mara moja tu inadondoka hadi so ya chini, kidole cha kwanza kwenye uzi wa G. Na hakuna atakayesema unapiga wimbo wa kitoto.

Usiku Mtakatifu kwenye D hiyohiyo utakupeleka uzi wa E. Ile fa ya juu inataka kidole cha pili kirudi nyuma kibanane na cha kwanza, wakati kwenye D na A umekizoesha kukaa na cha tatu. Mtego wangu uleule.

Sikukatazi. Bibi yako atafurahi hata ukimpigia mbuzi. Ila ukiniuliza mimi, ningechagua... haya, mama yako ananitazama, anasema nimwache mtoto aamue.

Basi kabla hujaamua, chukua doh kwenye uzi wa D. Kisha weka fidla chini, uimbe Usiku Mtakatifu mpaka ile fa, ujirekodi, unitumie. Mama yako asisikie kwanza.

Baba yako