Re: Mwongozo wa ubora lazima uwe na kurasa ngapi?

Ndugu, umeuliza kama mwongozo wako wa kurasa 12 utakataliwa na wakaguzi kwa kuwa mfupi. Hautakataliwa kwa sababu hiyo. ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kusimamia ubora, katika toleo la 2008 ilidai mwongozo wa ubora pamoja na taratibu sita za maandishi. Toleo la 2015 liliondoa sharti hilo. Bado linadai uandike mawanda ya mfumo (yaani unahusu kazi na sehemu zipi za kampuni), sera ya ubora na malengo yake, na utunze kumbukumbu za kuthibitisha kazi imefanyika. Ukiviweka hivyo kwenye mwongozo mmoja ni sawa kabisa, na mimi nakushauri ufanye hivyo, maana mfanyakazi mpya anapata pa kuanzia.

Ninachokusihi ni usinakili wa kampuni nyingine. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulikuwa na mwongozo mnene tulioununua ukiwa umeshaandikwa. Mkaguzi akamuuliza mtunza stoo anafanyaje bidhaa ikirudishwa na kasoro. Akatoa daftari lake, kila kitu kimo: tarehe, kasoro, nani kaamua itupwe au itengenezwe. Safi! Lakini mwongozo ulitaja fomu namba 14 ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Tukaandikiwa hoja ya ukaguzi, yaani kosa kwenye ripoti ya mkaguzi, ingawa daftari lilikuwa zuri kuliko fomu.

Kwa hiyo kaa na wanaofanya kazi, waangalie, andika wanachofanya kweli. Kisha weka namba ya toleo na jina la aliyeidhinisha.